Chora kabla ya kukokotoa: kufundisha mafumbo ya hisabati kwa mchoro wa mkanda

Andika fumbo hili ubaoni mbele ya Darasa la IV: "Asha ana maembe 48. Ana maembe 15 zaidi ya Juma. Juma ana maembe mangapi?" Katika darasa lisilozoea kuchora, wengi wataandika 63. Watoto hao wanajua kutoa. Waulize 48 kutoa 15 na watakujibu papo hapo. Kilichowaponza ni neno "zaidi". Tangu wakiwa wadogo wamekaririshwa orodha ya maneno: "jumla" na "zaidi" ni kujumlisha, "amebakiwa" ni kutoa, "kila mmoja" ni kugawanya. Orodha hiyo inafaa kwa mafumbo mepesi ya Darasa la II, kisha inawasaliti pale mafumbo yanapoanza kusemwa kinyumenyume. Kama bado imebandikwa ukutani, ibandue.

Badala yake weka mchoro kati ya kusoma na kukokotoa. Si picha ya maembe wala ya Asha. Ni mistatili mirefu na myembamba inayoonyesha nani ana kingi, nani ana kidogo, na kipi hakijulikani. Humu tutauita mchoro wa mkanda. Usiuchanganye na grafu ya mihimili ya mada ya takwimu: ile inaonyesha data zilizokwisha kukusanywa, huu unaonyesha uhusiano kati ya vitu ambavyo kimojawapo bado tunakitafuta. Michoro ya aina hii ilipata umaarufu kupitia Singapore, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 timu ya mitaala iliyoongozwa na Kho Tek Hong iliiingiza katika vitabu vya shule za msingi ili kuwasaidia wanafunzi waliokuwa wakikwama kwenye mafumbo. Chaki na ubao vinaitosha.

Fumbo la Asha linakaa hivi:

Asha: [ ? ][ 15 ] yote = 48
Juma: [ ? ]

Mtoto akishaona kwamba mkanda wa Asha ndio mrefu na kwamba 48 imebeba vipande vyote viwili, hawezi tena kuandika 63 bila kushtuka. Juma atamzidije Asha wakati mkanda wake ni mfupi? Mshtuko huo ndio tunaoutafuta.

Vifaa na vipimo

Ubaoni, chora mkanda wenye urefu wa sentimeta 60 na kimo cha sentimeta 8 hivi. Sababu ya 60 ni kwamba inagawanyika bila usumbufu: nusu ni sentimeta 30, theluthi 20, robo 15, sehemu ya tano 12, ya sita 10, ya kumi 6. Kwa darasa la watoto 60 au 80, kimo cha chini ya sentimeta 8 hakionekani kutoka dawati la nyuma. Kama huna rula ya ubao, kata kijiti au ufito wa sentimeta 60, utie alama kwa kalamu ya wino mzito, uwe unatembea nao.

Katika daftari, mkanda wa sentimeta 12 unatosha kwa nusu, theluthi, robo na sehemu ya sita. Kwa sehemu ya tano na ya kumi tumia sentimeta 10. Wazoee kuamua urefu baada ya kusoma fumbo, si kabla.

Kwa vipande vya karatasi vya kushika mkononi, chukua karatasi ya A4 na uikate kwa urefu katika tepe za upana wa sentimeta 3. Karatasi moja inatoa tepe 7. Watoto 60 wakikaa wawili wawili na kila jozi ikapata tepe 4, unahitaji tepe 120, yaani karatasi 18. Karatasi zilizochapwa upande mmoja zinafaa kabisa. Maboksi ni magumu kukunja na manila ni ghali kwa kazi hii. Punguza tepe ziwe sentimeta 24 kwa masomo ya theluthi na robo, na sentimeta 20 kwa sehemu ya tano na ya kumi. Usiwaambie watoto wakunje tepe mara tano kwa kukisia: vipande havitakuwa sawa, na wao watajifunza kwamba "moja ya tano" ni kipande chochote kati ya vitano.

Kutoka vizibo hadi mstatili

Kosa la kawaida kwa mwalimu aliyevutiwa na njia hii ni kuanza na mchoro moja kwa moja. Mtoto ambaye hajawahi kuona mstatili ukisimama badala ya vitu anauona kama sanduku, na atauliza kwa nini sanduku la 48 halina vitu 48 ndani yake.

Anza na vizibo vya soda, visivyozidi 20. Fumbo: "Neema ana vizibo 9, Baraka ana 5. Neema amemzidi Baraka kwa vingapi?" Jozi ipange vizibo 9 kwa mstari mmoja, na vizibo 5 chini yake, kila kizibo kikae chini ya mwenzake kuanzia kushoto. Waone kwa macho vinne vilivyokosa wenza. Kisha, vizibo vikiwa bado vimepangwa juu ya karatasi, wachore mstatili kuvizunguka vile 9, na mwingine kuvizunguka vile 5. Sasa ondoa vizibo. Iliyobaki ni mistatili mitupu miwili. Ndani yake waandike 9 na 5. Tendo hilo la kuondoa vizibo na kuacha umbo ndilo daraja lenyewe, na halipaswi kuharakishwa. Rudia kwa namba tatu au nne tofauti, halafu uliza: "Kama Neema angekuwa na vizibo 900 na Baraka 500, mchoro wetu ungebadilika umbo?" Darasa linaloweza kueleza kwa nini umbo halibadiliki liko tayari kuacha vizibo.

Tepe za karatasi hukaa katikati: zinaweza kukunjwa, kuchanwa na kusogezwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, jambo ambalo mchoro wa ubaoni hauwezi kufanya bila kufutwa. Tutazihitaji sana kwenye mafumbo ya kupeana.

Namna ya kuchora

Soma fumbo mara mbili. Mara ya kwanza lisome bila namba: "Asha ana maembe kadhaa. Ana maembe kadhaa zaidi ya Juma." Uliza ni nani mwenye mengi. Namba zikishatajwa, watoto huzikimbilia na kuziunganisha wanavyojua. Zikifichwa, hawana cha kufanya ila kusikiliza.

Kisha andika majina kushoto, moja chini ya jingine: Asha, Juma. Kila jina lina mkanda wake. Mikanda yote ianze kwenye mstari mmoja wa wima upande wa kushoto. Hili si suala la unadhifu. Mikanda isipoanzia mahali pamoja, tofauti kati yake haionekani, na mchoro umekufa.

Chora mkanda wa asiye na kitu cha ziada kwanza, maana huo ndio kipimo. Kwenye "15 zaidi ya Juma", anayepimiwa ni Juma. Kwenye "mara tatu ya ng'ombe", kipimo ni ng'ombe. Watoto wengi huanza na jina lililotajwa kwanza, halafu hukosa pa kuongezea.

Sasa rudi kwenye fumbo sentensi kwa sentensi, na kila sentensi iache alama kwenye mchoro. Namba ya kipande iandikwe ndani ya kipande. Namba ya mkanda mzima iandikwe pembeni au juu ya mabano marefu yanayokumbatia mkanda wote. Mtoto anayeandika 48 ndani ya kipande cha kwanza cha Asha ameshapotea, na utamwona kabla hajakokotoa. Mwisho weka alama ya kuuliza mahali pa kile kinachotafutwa. Alama hiyo iwekwe baada ya kusoma swali lenyewe tena, kwa sababu fumbo lilelile linaweza kuuliza maembe ya Juma au maembe ya wote wawili, na mchoro hautabadilika isipokuwa alama hiyo tu.

Hapo ndipo sentensi ya hisabati inapoandikwa: 48 − 15 = 33. Na baada ya jibu, mtoto alirudishe 33 ndani ya mchoro na kusoma: 33 na 15 ni 48, sawa na fumbo lilivyosema.

Urefu wa mikanda hauhitaji kuwa sahihi kwa rula. Kinachotakiwa ni mpangilio: kikubwa kionekane kikubwa, vilivyo sawa vionekane sawa. Anayepoteza dakika tano kupima milimita 48 na milimita 15 hajaelewa kazi ya mchoro.

Mara ngapi, na jumla

Mafumbo ya "mara" ndiyo yanayotenganisha mchoro na orodha ya maneno. "Mzee ana mbuzi mara tatu ya ng'ombe. Mifugo yote ni 84. Ana mbuzi wangapi?"

Ng'ombe: [ ]
Mbuzi: [ ][ ][ ] ng'ombe na mbuzi wote = 84

Vipande ni vinne vilivyo sawa. 84 ÷ 4 = 21, kwa hiyo mbuzi ni 63. Kosa la kawaida ni 84 ÷ 3 = 28: mtoto ameona "tatu" akagawanya kwa tatu, akasahau kwamba 84 imebeba na ng'ombe. Usimsahihishe kwa kumwambia "gawanya kwa nne". Mwombe akuonyeshe kwa kidole 84 iko wapi. Kidole kitazunguka mbuzi peke yao, naye atajikamata mwenyewe.

Lugha yenyewe ina mitego hapa. "Mara tatu ya" iko wazi. "Mara tatu zaidi ya" inaeleweka kwa namna mbili, vipande vitatu au vinne, kwa hiyo usiitumie unapotunga mafumbo. Vilevile tazama alimpa na alipewa. "Juma alimpa Asha 5" na "Juma alipewa na Asha 5" zinafanana machoni mwa mtoto anayesoma harakaharaka, hasa yule ambaye nyumbani anazungumza lugha nyingine, lakini mshale kwenye mchoro unaelekea pande tofauti. Kabla ya kuchora fumbo la kupeana, wawili wasimame mbele na tepe zao na waigize.

Kupeana: kabla na baada

"Rehema ana sh. 2,600. Saidi ana sh. 1,400. Rehema ampe Saidi kiasi gani ili walingane?"

Jibu la haraka la darasa ni sh. 1,200, yaani tofauti yao. Hapa usichore ubaoni kwanza. Gawa tepe mbili, moja ndefu na moja fupi, zianzie kushoto pamoja. Kipande cha Rehema kilichozidi kichanwe, kisogezwe chote kwa Saidi. Saidi sasa ndiye mwenye ndefu, na kamzidi Rehema kwa kiasi kilekile. Wengi hucheka, na hapo umewapata. Wakikunja kile kipande kilichozidi katikati na kusogeza nusu yake tu, tepe zinalingana. Nusu ya 1,200 ni 600, kila mmoja anakuwa na sh. 2,000.

Baada ya hapo chora ubaoni michoro miwili, ya "kabla" juu na ya "baada" chini, na usifute ule wa kwanza. Mwalimu anayefuta na kuchora upya juu ya mchoro uleule anawaacha watoto bila kumbukumbu ya kilichobadilika. Waulize pia ni kipi ambacho hakikubadilika. Katika kupeana, jumla ya wote wawili inabaki 4,000. Katika fumbo la umri, tofauti ndiyo isiyobadilika: baba aliyemzidi mwanawe kwa miaka 28 leo atamzidi kwa 28 baada ya miaka kumi. Mtoto anayetafuta kisichobadilika ana pa kuanzia hata fumbo likiwa geni.

Sehemu, na "iliyobaki"

Hapa ndipo mkanda unapolipa kazi yote ya mwanzo. Kwa sehemu, asili (namba ya chini) inatuambia mkanda unagawanywa katika vipande vingapi vilivyo sawa, na kiasi (namba ya juu) kinatuambia vingapi tuvitie kivuli.

"Halima alitumia 2/5 ya fedha zake kununua madaftari, akabakiwa na sh. 4,500. Alikuwa na shilingi ngapi?" Vipande vitano, viwili vina kivuli, vitatu vyeupe ni 4,500. Kimoja ni 1,500, vitano ni 7,500. Mtoto asiyechora atatafuta 2/5 ya 4,500, apate 1,800, ajumlishe, ajibu 6,300. Amechukua 2/5 ya kitu kisichokuwa kizima. Mchoro unamzuia kwa sababu 4,500 haiwezi kuwekwa pembeni mwa mkanda wote. Ina nafasi kwenye vipande vitatu tu.

Kigumu zaidi ni sehemu ya kilichobaki. "Mzee Hamisi alitumia 1/3 ya fedha zake kununua mbegu. Kisha akatumia 1/4 ya zilizobaki kununua mbolea. Akabakiwa na sh. 18,000. Alikuwa na shilingi ngapi mwanzoni?"

Chora vipande vitatu, kimoja kitiwe herufi M ya mbegu. Vinabaki viwili. Robo ya vipande viwili haikati kwenye mstari uliopo, na hapo watoto wengi hufuta kila kitu na kuanza mkanda mpya wa robo. Wazuie. Kila kipande kilichobaki kikatwe katikati, viwe vinne vidogo. Kimoja ni mbolea. Kisha, na hili ndilo linalosahauliwa, kipande cha mbegu nacho kikatwe katikati ili vipande vyote viwe na ukubwa mmoja.

[ M ][ M ][ mbolea ][ ][ ][ ]

Vipande vidogo ni sita. Vitatu vyeupe ni 18,000, kimoja ni 6,000, sita ni 36,000. Rudisha jibu kwenye fumbo: theluthi ya 36,000 ni 12,000, zikabaki 24,000, robo yake ni 6,000, zikabaki 18,000. Sawasawa.

Neno la kukazia ni "zilizobaki". Mtoto anayeliruka anachukua robo ya fedha zote. Mwambie alipigie mstari kila anapolikuta, liwe "zilizobaki", "yaliyobaki", "waliobaki" au "kilichobaki", na kabla ya kuendelea aelekeze kidole kwenye sehemu ya mkanda inayotajwa. Mafumbo ya namna hii yafundishwe polepole. Kuanza, chagua namba zisizolazimisha kukata upya, kwa mfano 2/5 kisha 1/3 ya yaliyobaki: vipande vitatu vilivyobaki vinatoa theluthi bila kisu. Wakishazoea, lete theluthi na robo kama hapo juu.

Asilimia zinafuata njia hiyohiyo. Mkanda mzima ni 100%. "Bei ya viatu imepunguzwa kwa 20%, sasa ni sh. 12,000. Bei ya awali ilikuwa ngapi?" Vipande vitano vya 20% kila kimoja, vinne ni 12,000, kimoja 3,000, bei ya awali 15,000. Anayejibu 14,400 amechukua 20% ya bei mpya.

Saa zinahitaji mstari wa namba

Mkanda haufai kila mahali. Kwa muda wa safari, chora mstari wa namba mtupu, usio na vipimo, na uruke juu yake. "Basi liliondoka Morogoro saa 2:40 asubuhi, likafika Dodoma saa 6:25 mchana. Lilitumia muda gani?" Ruka dakika 20 hadi saa 3:00, saa 3 hadi saa 6:00, dakika 25 hadi saa 6:25. Saa 3 na dakika 45. Anayetoa kwa safu, 6.25 − 2.40, anapata 3.85 na haoni ubaya wake, kwa sababu anakopa 100 badala ya 60.

Saa za Kiswahili zina kona yake: saa 12. Safari ya kuanzia saa 11:30 alfajiri hadi saa 2:15 asubuhi haitoleki kabisa kwa safu. Kwenye mstari ni dakika 30 hadi saa 12:00, saa 2 hadi saa 2:00, dakika 15. Saa 2 na dakika 45. Weka alama kubwa ya chaki ya rangi kwenye saa 12, iwe kituo ambacho kila mruko lazima ukanyage.

Yanayoharibika darasani

Watoto huchora mbuzi. Wenye pembe, na mkia, na mmoja ananyonya. Usiwakaripie, maana wamejitahidi kuelewa fumbo. Lakini wape muda wa dakika mbili tu wa kuchora, na mbuzi watageuka mistatili wenyewe.

Mchoro unageuka kuwa ibada. Mwalimu anataka mchoro kwa kila swali, hata 7 × 6, na watoto wanakokotoa kwanza kisha wanachora baadaye ili kumridhisha. Ukiona mchoro nadhifu sana ulioko upande wa kulia wa jibu, uliza ni kipi kilichoandikwa kwanza. Fumbo linalojieleza lenyewe halihitaji mkanda: trei 6 za mayai 30 kila moja ni 180, basi.

Mwalimu anachora, watoto wananakili. Wiki tatu zikipita hivyo, darasa linajua kunakili mikanda. Dawa yake ni kugeuza kazi: chora mkanda ubaoni wenye namba na alama ya kuuliza, bila maneno yoyote, kisha kila jozi itunge fumbo linalolingana nao. Mkanda mmoja wa vipande vinne vilivyo sawa, jumla 200, utaleta mafumbo ya sukari, mbao, watoto na pipi. Fumbo lisilolingana na mchoro linakuonyesha mara moja nani anasoma mkanda na nani anaupamba.

Baki la kugawanya linapotea. "Watoto 43 wanasafiri kwa Hiace zinazobeba 14 kila moja. Zinahitajika ngapi?" Mchoro una vipande vitatu vizima na kimoja kidogo cha mtoto 1. Kipande hicho kidogo nacho kinahitaji gari. Zinatakiwa 4, na jibu la "3 baki 1" halimfikishi mtoto huyo popote.

Kipindi cha dakika 40, na kusahihisha

Fumbo moja gumu kwa kipindi linatosha, la pili liwe la kufanana nalo. Dakika 5 za kwanza lisome fumbo bila namba na kuliigiza ikihitajika. Dakika 10 jozi zichore, wewe ukizunguka madawati ukitafuta michoro mitatu: mmoja sahihi, mmoja wenye kosa la kawaida, na mmoja sahihi lakini uliochorwa tofauti. Dakika 10 waliochora waje ubaoni, wa kosa kwanza, bila kutaja kwamba ni kosa. Darasa liulizwe kama mchoro unasema kile ambacho fumbo linasema. Hapo ndipo kazi ya kipindi inapofanyika, kwa hiyo usiifupishe ili kuwahi zoezi. Dakika 10 fumbo la pili, kila mtu peke yake. Dakika 5 zilizobaki za kukagua jibu ndani ya mchoro.

Unaposahihisha, gawa alama. Kwa fumbo la alama 4: mchoro wenye majina na mikanda inayoanzia pamoja, 1, namba na alama ya kuuliza mahali pake, 1, sentensi ya hisabati inayotokana na mchoro, 1, jibu lenye kipimo chake, 1. "33" peke yake si jibu. "Juma ana maembe 33" ndilo. Mtoto mwenye mchoro sahihi na hesabu iliyoteleza apate 3, na aambiwe kwa nini, kwa sababu anachohitaji ni mazoezi ya kutoa. Mwenye jibu sahihi na mchoro usiolingana nalo aitwe pembeni. Huenda amebahatisha. Huenda pia ana njia yake nzuri kichwani ambayo mkanda hauwezi kuionyesha. Mwombe aieleze, na kama inasimama, mwache aendelee nayo.